Vallejo Glaze Medium: kichupa kisicho na rangi, na sakafu yangu ya marumaru

Nitoe hukumu mapema ili mwenye haraka aende zake. Ikiwa unajenga vijumba vidogo na unataka marumaru ya kupaka imdanganye mtazamaji, usinunue chupa nyengine ya rangi nyeupe. Nunua Glaze Medium ya kampuni ya rangi ya Vallejo, nambari 70.596. Ndani yake hamna rangi. Mna kimiminika chepesi mfano wa maziwa yaliyozidi maji, na kikikauka weupe wote unapotea, unabaki utando usioonekana wenye mng'ao kidogo. Ndio maana watu wanakipita dukani. Mtu ana pesa ya chupa tano, anachukua rangi tano, anarudi nyumbani anashangaa kwa nini marumaru yake inafanana na ukuta uliopigwa chokaa kisha ukachorwa na mtoto.

Kazi yangu ni vyumba vya ndani ya sanduku. Sebule, ukumbi, wakati mwengine roshani na kipande cha ngazi, vyote kwa uwiano wa 1:12, yaani sentimita moja kwa kumi na mbili za kweli, kioo mbele na taa ndogo juu. Nafanyia nyumbani, Mji Mkongwe, juu ya meza iliyokuwa ya cherehani ya bibi yangu. Wateja wangu wengi ni watu wa hapa waliohama zamani, wako Muscat, London, Toronto, wanataka chumba walichokulia au walichokuwa wakikiona kwa jirani tajiri. Zidaka naziweza, boriti naziweza, mlango wa njumu nauweza kwa macho yaliyofumba. Marumaru ndiyo iliyonisumbua miaka, kwa sababu kila kitu chengine chumbani unaweza kukichonga kwa umbo lake, lakini jiwe hili umbo lake ni bapa tu. Uzuri wake wote umo ndani.

Safari hii mteja alitaka ukumbi wa sakafu ya vigae vyeupe na vyeusi, mtindo wa majumba makubwa ya enzi za masultani. Wa hapa akisikia hivyo akili inakwenda moja kwa moja Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883. Niliingia humo na skuli lilipokuwa makumbusho, nikayaona yale marumaru. Sehemu yake ilianguka Disemba 2020, kwa hivyo siku hizi huwezi kusema unakwenda tu kuinama sakafuni ukachunguze mishipa ya mawe. Nikabaki na kumbukumbu, picha za mteja, na kipande cha marumaru halisi cha meza iliyovunjika ambacho shemeji yangu alikuwa anakitumia kuzuilia mlango. Kipande hicho nakisifu kama mwalimu. Kiweke chini ya taa uegemeze jicho pembeni, utaona jambo ambalo picha ya simu haikuonyeshi: mishipa haikukaa juu. Mengine iko chini ya uso wa jiwe, imefifia, mengine inapanda mpaka juu ikawa kali, kisha inazama tena.

Sababu yake ni jiwe lenyewe. Marumaru ni jiwe la chokaa la zamani lililopikwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi mpaka chembe zake zikageuka fuwele za kalsaiti. Fuwele hizo zinapitisha mwanga kiasi. Mwanga unaingia, unatawanyika humo ndani, halafu ndio unatoka kuja jichoni. Yale mawingu ya kijivu kwenye marumaru ya Carrara, kule Toscana nchini Italia, ni uchafu uliokuwemo kwenye chokaa kabla haijapikwa, ukanyooshwa na kukunjwa pamoja na mwamba. Sasa wewe ukichukua nyeupe, ukachora mstari wa kijivu juu yake, umechora mstari. Hakuna kilicho chini ya chengine. Unahitaji kitu kitakachokuwezesha kuufukia mstari kwa weupe mwembamba, kisha kuchora mwengine juu, kisha kuufukia huo nusu. Hapo ndipo kichupa kinapoingia kazini.

Kinavyofanya kazi si siri. Rangi ya akriliki ni unga wa rangi, maji, na gundi inayoushikilia unga. Ukiongeza maji matupu ili rangi iwe nyepesi, unaipunguza na gundi pia. Maji yanakusanyika kuwa tone, unga unakimbilia ukingoni, na likikauka linaacha pete yenye ukingo mzito. Wapaka rangi wote wanazijua pete hizo. Glaze Medium ni gundi ileile bila unga, na inachelewesha kukauka kidogo. Unaongeza uwazi bila kupunguza ushikaji. Tone moja la rangi kwa matone matano au sita ya kimiminika hiki linatoa utando ambao ukiupaka mara moja huoni kitu. Mara ya pili unadhani unaona. Mara ya tatu mshipa wako uliokuwa mkali umekwenda chini ya jiwe, mwenyewe umekaa unautazama kama hujauchora wewe.

Jambo hili si jipya. Mafundi wa Ulaya waliokuwa wakipaka nguzo za mbao zionekane marumaru walifanya vivyo hivyo kwa rangi ya mafuta: utando mwembamba juu ya utando, mishipa kwa brashi ndefu au kwa ncha ya unyoya. Mwingereza Thomas Kershaw alisifika sana kwa hilo, akapewa tuzo kwenye Maonesho Makuu ya London mwaka 1851, na vibao vyake vinahifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert. Tafuta picha zake uzikuze. Mafuta yanachelewa sana kukauka, kwa hivyo fundi alikuwa na muda wa kuyachezea. Sisi wa vijumba tunatumia akriliki kwa sababu haina harufu ya kututoa nyumbani na haituweki siku nzima tukisubiri, lakini tunapoteza ule muda wa kuchezea. Glaze Medium inakurudishia sehemu yake ndogo. Sehemu ndogo tu, nitalirudia hilo mbele.

Niwaeleze nilivyoipaka ile sakafu, maana mapitio ya bidhaa bila kazi ni tangazo.

Nyeupe kwanza. Nilitumia karatasi ya plastiki ya unene wa milimita moja, nikaisugua kwa msasa laini, nikapiga praima nyeupe, rangi ya msingi ya kushikia nyengine. Juu ya praima nikapaka nyeupe ya Vallejo, nambari 70.951 (na nambari za rangi zinazofuata ni za Vallejo), iliyotiwa tone la Ivory, 70.918, kwa sababu nyeupe tupu ndani ya sanduku lenye taa inaungua macho na haiachi nafasi ya kitu cheupe zaidi yake. Hapo nikachana kipande cha sponji ya kuoshea vyombo. Usikikate kwa mkasi, kichane, ukingo uwe umechakaa. Nikakichovya kwenye kijivu chepesi, 70.990, kilichochanganywa na Glaze Medium nusu kwa nusu, nikakikamua kwenye karatasi ya tishu mpaka kikawa karibu kikavu, nikagonga mawingu kwa mshazari kutoka kona moja kwenda nyengine. Mawingu yafuate upande mmoja. Marumaru ilikunjwa ikiwa mwamba, ina mwelekeo, na ukigonga ovyo ovyo unapata madoa ya ukungu wa bafuni.

Baada ya hapo utando mweupe. Kisha mishipa kwa kijivu cha wastani, 70.992, rangi na kimiminika sawa kwa sawa pamoja na chembe ya maji ili itiririke. Shika brashi mbali na ncha, karibu na mkia, uuache mkono utetemeke. Ukiishika kama kalamu utachora barabara za ramani. Mshipa unakwenda, unavimba, unapasuka kuwa miwili, mmoja unafia njiani. Ukikauka kabisa, utando mweupe mwengine juu, lakini si kote. Hapa ufukie, pale uache. Kisha mishipa michache tena, myembamba zaidi, juu ya yote, na hapo uwe bahili. Pembeni mwa mshipa mmoja au miwili nilipitisha utando wa Yellow Ochre, 70.913, mwepesi mno, kwa sababu kile kipande cha shemeji kina umanjano hafifu kandokando ya mishipa. Ukimwambia mtu kuna manjano kwenye sakafu ile hakubali. Ukiitoa, anakwambia pamepungua kitu.

Sharti moja la bidhaa hii: kila utando ukauke kweli kabla ya mwengine. Ukiwa juu umekauka na chini bado, brashi inauchuna wa chini na unapata shimo lenye ukingo. Kwa sisi watu wa pwani hili ni zito. Wakati wa masika, hewa imejaa maji, utando unaokauka upesi katika nchi kavu unakaa hapa unakutazama. Natumia mashine ya kukaushia nywele kwa hewa baridi, umbali wa mkono mmoja, na feni ya dari naizima kwa sababu inakausha rangi ya kwenye paleti kabla ya ile ya kwenye kazi. Paleti yenyewe ni sahani yenye tishu iliyolowa na karatasi ya kuokea keki juu yake. Inatosha.

Nyeusi ina tabia tofauti kabisa, na wengi wanaiharibu kwa kuipaka kama nyeupe iliyogeuzwa. Mfano wangu ulikuwa Nero Marquina, jiwe la kaskazini mwa Hispania, nchi ya Wabaski. Weupe wake si uchafu uliochanganyika na mwamba. Mwamba ulipasuka, nyufa zikajazwa na kalsaiti nyeupe. Kwa hivyo mishipa yake ni nyufa: inakwenda moja kwa moja, inavunjika kwa pembe, inakatana, kutoka mmoja mnene inatoka myembamba kama nywele. Hamna mawingu. Sponji iweke kando. Nilipaka nyeusi, 70.950, yenye tone la kijivu ndani ili nibaki na nafasi ya weusi zaidi, nikachora nyufa kwa nyeupe, kisha nikatengeneza utando wa nyeusi tupu na Glaze Medium, nikaupitisha juu ya sehemu za kila ufa. Ufa ukazama na kuibuka. Hapa ndipo nilipompigia simu mteja usiku ili aone, na Toronto wakati huo kulikuwa mchana, alhamdulillahi.

Vigae vingine vyeusi nimeviacha bila mshipa hata mmoja. Fundi aliyepokea shehena ya mawe halisi naye alipata vya namna hiyo. Kwa vile vyeupe, nilipaka karatasi nzima kama bamba moja la jiwe, kisha nikaikata vigae vya milimita 25, ambavyo kwa uwiano wetu ni sentimita 30 za kweli. Nikavichanganya, nikazungusha baadhi. Ukipaka kila kigae peke yake, mkono wako unarudia mchoro uleule bila wewe kujua, na jicho la mtu linaunasa. Kingo za kila kigae nimezipitisha msasa mara moja, kidogo, ili pakutanapo vigae paonekane mstari bila kuchora mstari.

Sasa habari ya uwiano, kwa sababu wenzangu wa modeli za majengo waliniuliza kama kichupa hiki kinawafaa. Mshipa wa milimita sita kwenye jiwe la kweli, kwa 1:12 ni nusu milimita. Brashi nzuri inaupata. Kwa 1:50, ambao ndio uwiano wa modeli nyingi za ndani za wasanifu majengo, mshipa huohuo ni milimita 0.12, unene wa unywele mnene. Hutauchora, na ukiuchora utaonekana mkubwa kuliko mlango. Kwa 1:50 kushuka chini, acha mishipa, paka mawingu na tando peke yake. Kwa kazi hiyo Glaze Medium inakuwa si msaidizi tena, inakuwa ndiyo kazi yenyewe. Wale wanaopaka vinara vya kusimamishia sanamu za askari, 1:35 na kwengineko, wao wako katikati, na nawaona wengi mishipa yao ni minene mno. Inapendeza pichani, ila jiwe lile lingekuwa la kweli, ufa wake ungemeza kiatu cha askari.

Nimejaribu na mbadala, na nitazipitia haraka. Maji matupu nimeshayasema. Gundi nyeupe ya skuli iliyozimuliwa kwa maji, ambayo mafundi fulani wa mtandaoni wanaisifu, inatoa utando kweli, ila ikipata unyevu inalainika, na Unguja unyevu si mgeni, ni mwenye nyumba. Retarder, 70.597, ya kampuni hiyohiyo, inachelewesha kukauka lakini si ya kuongezea uwazi, ni dawa ya ugonjwa mwengine. Lahmian Medium ya kampuni ya Citadel, chupa ya mililita 24, inafanya kazi inayokaribiana sana na hii, na anayeipata kwa urahisi aichukue bila wasiwasi. Mimi napendelea mdomo wa matone wa Vallejo kwa sababu nahesabu matone. Citadel ni kopo la kifuniko cha kufunua, unachota kwa brashi, na kipimo kinabaki kuwa makadirio. Kisha ipo Golden Acrylic Glazing Liquid, ya wachoraji wa turubai, inayokaa mbichi muda mrefu zaidi na kuuzwa kwa chupa kubwa. Ukipaka nguzo kubwa au ukuta mzima na unataka kuchanganya rangi mbichi juu ya mbichi, hiyo ndiyo yako.

Na hapa narudia lile nililolisema. Glaze Medium haikutengenezwa kwa kuchanganya rangi mbichi juu ya mbichi. Inakupa pumzi kidogo tu. Mtu akiinunua akitarajia dakika kumi za kusukuma kijivu ndani ya nyeupe atavunjika moyo, na kosa halitakuwa la chupa. Pia ni chupa ndogo: mililita 17 zamani, 18 siku hizi. Kwa sakafu ya chumba kimoja inatosha na kubaki. Kwa jumba la vyumba sita agiza zaidi ya moja, maana katika tando za namna hii kimiminika kinakwisha mbele ya rangi. Na usiijaze brashi. Chovya, pangusa kwenye tishu, ndipo upake. Utando si bahari.

Kuhusu brashi nitasema maneno machache kwa sababu watu wanapenda sana kuzibishania. Winsor & Newton Series 7, manyoya ya kolinsky, ni ghali na ni nzuri. Kampuni inasema mfululizo huo ulianza mwaka 1866 kwa agizo la Malkia Victoria, basi bei yake ina ukoo. Ukiinunua usichukue ile ndogo kabisa ya sifuri tatu. Chukua nambari 1. Ncha yake ni kali vilevile na tumbo lake linabeba rangi ya kumaliza mshipa mzima bila kunyanyua mkono. Ile ndogo inakauka katikati ya safari. Kwa tando, brashi pana laini ya bei ya skuli inatosha, mradi haidondoshi nywele. Ile ghali usiipeleke kwenye tando, utaimaliza bure.

Vanishi ndiyo inayoua kazi nyingi nzuri. Marumaru iliyosuguliwa inang'aa, kwa hivyo mtu anamimina vanishi ya kung'aa, na sakafu inageuka plastiki. Ung'avu nao una uwiano: kwenye chumba kidogo, mng'ao kamili unarudisha taa nzima kama kioo cha gari. Napaka vanishi ya kung'aa ya Vallejo, 70.510, tabaka nyembamba, naiacha ikauke mpaka kesho yake, kisha nasugua kwa vile vipande vya msasa laini vya Micro-Mesh, vyenye nambari zinazoanzia 1500 na kuishia 12000, kilicho laini kabisa. Sihitaji kuanzia mwanzo, naanza kwenye 4000 hivi na kupanda, kwa maji kidogo. Ninachopata ni mng'ao uliotulia, unaorudisha umbo la dirisha lakini si kingo zake. Chini ya mng'ao huo tando zinaonekana kuwa na kina maradufu, maana vanishi inafanya kwenye rangi yale yanayofanywa na maji kwenye kokoto.

Vanishi ya kupuliza nimeiacha. Kopo moja, jina silitaji, lilinifunikia meza ndogo ya duara kwa ukungu mweupe siku ya mvua, juu ya marumaru ya kijani niliyokwisha kuipenda. Vanishi za kupuliza hazipatani na hewa yenye maji mengi, wala haisaidii kugombana nalo. Anayeishi Dodoma au Nairobi labda hana shida yangu.

Bei na upatikanaji, basi. Ulaya kichupa kimoja ni karibu euro 3. Hapa Unguja sijakiona kwenye duka lolote la vifaa vya kuandikia, na duka la vifaa vya ujenzi ukiuliza watakuonyesha vanishi ya milango. Changu kililetwa na shangazi yangu kutoka Muscat, kwenye begi la chini, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Rangi na vimiminika hivi ni vya maji, haviwaki moto, tofauti na makopo ya kupuliza ambayo usimpe mtu ayapandishe ndege. Mkiagizia kwa mtandao, unganeni watu kadhaa wenye kazi hizi, kwa sababu usafirishaji wa kichupa kimoja unaweza kuzidi bei yake mara nyingi, na hapo hata mimi ninayekisifu ningesema kaa na maji yako. Mwambie anayekuletea nambari, 70.596, si jina. Rafu za Vallejo zina vichupa vyeupe kadhaa vinavyofanana: kuna Thinner, kuna Matt Medium, kuna Retarder, na muuzaji mwenye haraka atampa chochote.

Asiyehitaji: anayepaka chumba kimoja cha mtoto kuchezea, anayefanya kazi za 1:100 ambapo sakafu nzima ni kidole gumba, na yule anayeweza kuchapisha picha ya marumaru kwenye karatasi na kuibandika. Huyo wa mwisho simdharau. Karatasi iliyochapwa vizuri chini ya vanishi inapita machoni mwa wengi, na ni ya haraka. Tofauti unaiona ukisogeza taa: ile ya karatasi mishipa yake yote iko kimo kimoja.

Nane kwa kumi. Moja nimeitoa kwa udogo wa chupa, na nyengine kwa kutonipa muda wa kuchezea kama wa mafuta. Sakafu imeshaingia ndani ya sanduku lake, vigae tisa kwa kumi na mbili, na mteja amenitumia ujumbe akiuliza jiwe lile jeusi nililipata wapi. Agizo linalofuata ni ngazi ya marumaru nyekundu. Kama kuna mtu ameshapaka Rosso Verona, na yale maumbo yake ya duaraduara, aniambie anayawekea tando ngapi kabla sijafungua chupa ya pili.